Kahawa ya Kudumu

Kegonga, Jumamosi jioni

Boke,

Sanduku lako liko hapa mlangoni na halifungi. Baba yako amelikalia mara mbili, ameshindwa, sasa ametoka kutafuta kamba. Tatizo ni masweta. Kila mtu hapa ambaye safari zake zote za nje ya nchi ni kuvuka mpaka kwenda kununua ng'ombe Tanzania ameamka asubuhi moja akiwa mtaalamu wa baridi ya Uholanzi, na kila jirani aliyepita amekuachia sweta moja zaidi. Kwa hiyo mambo ya masweta, pasipoti, chakula na wanaume sitayagusa. Umeshaambiwa na watu wengi wanaoyajua kidogo.

Wewe uko Homa Bay kumuaga dani yako, mama yangu. Kesho mchana tutakutana stendi ya Migori, na shangazi zako watakuwepo, na kelele zitakuwepo, na unanijua: nikibanwa mbele za watu sisemi ninachotaka kusema, nasema kitakachouma. Ndiyo maana naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii, nyumba ya Mjaluo aliyeolewa na Mkuria ambapo hakuna aliyekubali kushindwa.

Nimekasirika. Bora nilitoe hilo kwanza. Nimekasirika na wewe, na Waholanzi wako, Lotte na Willem wake, na baba yako na kamba yake. Na kinachonikasirisha zaidi ni kwamba nimetafuta mahali mlipokosea nikapakosa.

Fikiria. Nimefundisha darasani maisha yangu yote ya utu uzima, na kila jioni nimekaa kwenye meza hii kuandikia magazeti. Barua chache walizozichapisha walizikata kichwa na mkia. Niliwaita wenyeviti wa ushirika kupe, na mmoja akaacha kunisalimia kanisani. Niliwaambia watu wa tumbaku, chifu akisikia, kwamba wanakausha majani yao kwa msitu wetu na watatuachia jivu. Na miaka yote niliandika jambo moja: kwamba kahawa ya vilima hivi inaondoka hapa bila jina, inafika Nairobi inachanganywa na ya kila mtu, inapanda meli kama yatima asiyejulikana ametoka kwa nani. Nani alisikia? Kisha wanatokea watu wawili kutoka mji wa bandari wa mbali, na Kiswahili cha kuombea maji ya kunywa, wanasema lile lile, na kila mtu anaitikia kwa kichwa. Na sasa wanamchukua binti yangu akafanye kazi kwao. Wewe ungekuwa mimi, ungecheka?

Tena wangekuwa watu wabaya ningejua la kufanya nao. Nimezoea watu wabaya. Lakini kampuni yenyewe, kama ulivyonieleza, ni wao wawili, karani wa nusu siku, na ghala linalovuja upande mmoja. Wananunua kwa wakulima wanaowajua kwa majina, wanaandika jina la mahali kwenye gunia, na hawataki kahawa iliyolimwa kwa kumaliza udongo. Unagombana vipi na hilo?

Nimejaribu. Unakumbuka hadithi ya Willem, ile ya kuwa alikuwa mpakuzi wa meli, akibeba magunia bila kujua yanatoka wapi, mpaka siku moja gunia likapasuka na kati ya kahawa ikaanguka ndala ya mtoto? Ndala moja, ya mguu wa kushoto. Akaanza kujiuliza ni ya nani. Hapo ndipo biashara yao ilipoanzia, na ndala iko mpaka leo dirishani mwa ofisi yao. Mara ya kwanza kuisikia hadithi ile niliisikiliza mpaka mwisho. Mara ya pili nikamwuliza, "Na yule mtoto, Willem? Alirudi nyumbani na ndala moja, akachapwa. Yeye yuko dirisha gani?" Willem alishtuliwa na swali lile kama mtu aliyemwagiwa maji. Hajaisimulia tena mbele yangu. Wewe ulinikanyaga mguu chini ya meza, na nilifurahi sana, sitakudanganya.

Lakini ulikanyaga mguu wa mtu ambaye wiki ile ile alikuwa ameharibu kila kitu, kwa hiyo haki ulikuwa nayo.

Watu wa hapa wanausimulia ule mkutano wa wageni siku hizi kama kichekesho. Wewe umeusimulia pia, nimekusikia ukiwaambia rafiki zako jikoni. Sasa usikie kutoka kwa mkalimani mwenyewe.

Tulikuwa pale kiwandani, kati ya mashine ya kumenya kahawa na meza za kuanikia, watu wamekaa kwenye nyasi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa lile gauni la kijani. Mwenyekiti alitaka mwanawe atafsiri, nikamwambia mwanawe ajifunze kwanza kutofautisha "nimeenda" na "nimekwenda" tuongee baadaye. Na Lotte akasimama, akazungumza vizuri, na nikatafsiri vizuri, mpaka akafika kwenye lile neno lao. Wanalo neno moja la Kiingereza ambalo bila hilo hawawezi kuamka asubuhi. Kwenye magazeti yetu siku hizi linaandikwa "endelevu." Mimi nililichukia tangu siku ya kwanza. Neno la semina. Neno lililozaliwa ofisini likiwa limeshavaa tai. Niliapa halitatoka kinywani mwangu.

Basi nikawaambia watu, kwa sauti yangu ya darasani: "Wageni wetu wanataka kahawa ya kudumu."

Nikasikia kimya. Nilidhani ni kimya cha heshima.

Mzee Nyamohanga akasimama, kule kusimama kwake kwa kujikusanya vipande vipande. "Mwalimu," akasema, "hiyo ya kudumu ni mpaka lini?"

Nikamtafsiria Lotte. Yule mwanamke uso ulimng'aa! Alidhani amepata mtu aliyemwelewa. Akafungua mikono akajibu, na mimi, kasuku mwenye cheti cha ualimu, nikatoa vile vile: "Milele. Ninyi, watoto wenu, na watoto wa watoto wenu."

"Hapana!" Ilitoka nyuma kabisa, kwa akina mama. "Watoto wetu wamekosa nini?"

"Walitufunga sisi, sasa wanafunga mpaka waliomo tumboni!"

"Mwalimu, wewe ndio umeleta hii maneno hapa?"

 Nyamohanga alichukua fimbo yake akaondoka.

Wewe hukuwa umezaliwa, lakini ulilelewa ukilisikia jambo hili, na mimi nililisikia mwaka wa kwanza nilipoletwa hapa. Sheria ilisema ukishapanda mkahawa huna ruhusa ya kuung'oa. Shamba ni lako, jembe ni lako, mti ni wa serikali. Nyamohanga akiwa bado na mke mmoja na meno yote aling'oa mistari kadhaa apande maharagwe, kwa sababu nyumba yake ilikuwa na njaa. Askari wa chifu walikuja wakasimama juu yake, akairudisha miche ardhini mmoja mmoja, watoto wake wakitazama. Kila mtu kwenye zile nyasi alilijua hilo. Mimi nililijua kuliko wote, nimeliandika gazetini! Na bado nikasimama mbele ya mzee yule, gauni la kijani, nikamwambia "ya kudumu," nikaongeza "milele," kwa sababu neno la watu wengine lilikuwa halinipendezi.

Ndipo nikakusikia. Ulikuwa kwenye mizani, apron ya kiwandani, mikono imeiva maji ya kahawa. "Mama, si hivyo."

Mbele ya watu wote, Boke. Nilitaka ardhi ipasuke, ikumeze wewe kwanza.

"Si yeye amesema kudumu," ukawaambia. "Ni mama yangu. Ngojeni niulize." Ukamwuliza Lotte kwa Kiingereza chako cha kutembea polepole: mtu akitaka kung'oa? Na Lotte akashangaa, akajibu kwamba mti si ni wa mwenyewe? Ukawageukia. "Amesema mti ni wako. Ukichoka nayo, ng'oa. Yeye anataka kahawa isiyomaliza shamba. Basi. Hakuna ingine."

Kahawa isiyomaliza shamba. Vitabu vyote vilivyo kwenye rafu hii, na sikulipata hilo. Watu wakakaa chini. Mwenyekiti akanitazama kwa furaha ambayo sijaisahau na sina nia ya kuisahau.

Lakini Nyamohanga alikuwa ameshakwenda. Asubuhi tukapata habari kwamba yuko bondeni, karibu na mto, anang'oa. Alitaka kumaliza kabla sheria haijafika. Na ile ndiyo kahawa aliyoionja Willem siku mbili kabla akaiita nzuri kuliko zote za kilima hiki. Nilimwambia Willem aende na mkalimani. Akanitazama, akasema hapana, asante, mkalimani hapana. Akaenda peke yake.

Unajua nilimfuata. Sikukwambia kwamba nilisimama juu, nyuma ya migomba, nikaona yote. Mzee anachimba. Mzungu anafika, anasimama. Hawana lugha kati yao zaidi ya ile ya kuombea maji. Nilingoja Willem aanze kumsihi kwa mikono, kama wafanyavyo. Badala yake alivua shati, akaokota jembe la pili, akaanza kung'oa mstari uliofuata. Kahawa aliyokuja kuinunua kutoka ng'ambo ya bahari! Wakachimba sambamba mpaka jua likawa kali, na mke wa mzee akaleta uji, wakanywa kwa zamu kwenye kibuyu kimoja.

Mistari ya bondeni iliisha yote. Ile ya juu, karibu na nyumba, Nyamohanga hakuigusa. Jioni akapita hapa kwetu, akasimama kwenye ua bila kuketi, akaniambia: "Mwalimu, yule mzungu ni mjinga, lakini si mwongo. Mwambie nitamuuzia ile ya juu. Hapana, wewe usimwambie. Boke amwambie."

Wewe usimwambie. Boke amwambie. Hapo ndipo kazi yako ilipotoka, mwanangu, si kwenye zile barua alizoandika Lotte baadaye. Mzee alikuteua kwenye ua wangu, nikiwa nimeshika sufuria.

Sasa nikueleze kilichokuwa nyuma ya "ya kudumu," maana haikuwa kiburi tupu. Ilikuwa kiburi chenye historia.

Nilipoamua kuolewa huku, babangu kule ziwani alipiga kelele wiki nzima. Mkuria! Angalau angekuwa wa kwetu na nyavu zake mbovu. Mama, yaani dani yako unayemuaga leo, hakupiga kelele. Siku niliyoondoka alisimama mlangoni akaniambia maneno mawili tu, "Onge wach," akarudi ndani kuparua samaki. Hakuna neno. Hakuna jambo. Nililia mpaka Rongo. Nilidhani mama yangu hana la kuniambia.

Nikafika hapa sijui lugha. Wiki ya kwanza niliwaomba chumvi wanawake wa nyumba hii kwa neno nililokuwa nimelisikia vibaya. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mpaka leo hakuna aliyeniambia ni nini nilichoomba, na wawili wao wameshakufa na siri hiyo. Usiku ule niliapa sitakosa neno tena mbele ya mtu yeyote. Na sikukosa. Neno likikosekana nilitengeneza, nikaazima, nikalazimisha. Nimeshinda mabishano mengi kwa maneno yasiyokuwa sahihi yaliyosemwa kwa sauti kubwa. Hicho ndicho kipaji changu. Kilinilipia heshima kwenye kilima hiki na kikamgharimu Nyamohanga bonde zima.

Hata lile la baba yako. Usiku wageni walipolala kwetu, Lotte alimwuliza ana maoni gani kuhusu mpango wao. Baba yako akasema anavyosema siku zote: "Mimi sina neno." Nikamwambia Lotte kwamba mume wangu hana la kusema. Lotte akanikodolea macho kama amenikuta nimemziba mtu mdomo kwa kitambaa, na kesho yake akamfuata zizini kumwuliza polepole kama anajisikia huru kuzungumza. Kwenye zizi! Baba yako akadhani anaulizwa bei ya ndama. Nilicheka sana nilipoambiwa, na sikujiuliza kwa nini nilitafsiri vile. Mtu alikuwa ameridhika, akasema ameridhika, na mimi nikasikia kwamba ameishiwa.

Kuanzia wiki ijayo wewe ndiye mdomo wa kilima hiki kwenye ghala lile linalovuja. Hilo ndilo linaloninyima raha, baridi hainihusu. Watakufundisha kuonja kahawa kwa kuivuta kwa kelele na kuitema kwenye ndoo, na dani yako akisikia kwamba unalipwa kutema atasema nilikulea vibaya. Hilo ni sawa. Lakini baada ya kutema watakugeukia waseme, "Boke, watu wa kwenu wanafikiri nini?" Nao watakuwa wema, watakuwa wamekukaribisha kwao, watakuwa wamekununulia koti. Na neno litakuwa tayari kwenye ulimi wako, laini, wanalolipenda. Utalitoa kwa sababu chumba kimekungoja. Najua jinsi kimya cha chumba kinavyosukuma.

Ukikosea huko, hakuna mtu kwenye mizani wa kusema, "Boke, si hivyo." Hakuna atakayeng'oa kitu mbele ya macho yako. Utajua mwaka unaofuata, kwa barua, kwamba fulani amekata kahawa yake akapanda tumbaku, na hutajua kama ni kwa sababu yako.

Kwa hiyo, wakikuuliza watu wa kwenu wanafikiri nini, waambie unajua anachofikiri Nyamohanga, na anachofikiri mkewe, ambacho ni kingine, na hao wengine hujawauliza. Wasubiri. Wamesubiri meli, watasubiri jibu. Na wakikutaka upigwe picha na kikapu kichwani, waambie kilimani kwenu kikapu hufungwa kiunoni ili mikono yote miwili ivune. Usikubali kuwekwa dirishani kando ya ndala. Mimi nimewapa mtu mzima, mwenye viatu viwili.

Na ukikosa neno, sema umekosa. Simama katikati ya mkutano wao, mikono mitupu, useme, "Sina neno la hilo, nipeni muda." Watacheka? Wacha wacheke mpaka mmoja akae chini. Mimi nilikimbia kicheko kile miaka yote hiyo, na ona kilinifikisha wapi: kwenye nyasi za kiwandani, nikiwaahidi watu milele.

Baba yako amerudi. Amepata kamba, ya kufungia ng'ombe, na ameleta sweta jingine. Ni la Nyamohanga, Boke. La kijivu, lile analovaa Jumapili, kiwiko kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Anasema mzee amemwagiza akwambie uwasalimie wale wajinga wawili, na kwamba ile kahawa ya juu imetoa maua. Nimelitoa sweta alilokutumia Lotte, lenye vifungo vya mbao, nikaliweka hilo mahali pake. Sasa sanduku limefunga.

Nimekaa hapa nikitafuta jambo la mwisho la kukwambia, la maana, la kukaa kichwani mpaka Uholanzi. Nimefuta mistari mitatu. Ilikuwa mizuri yote, na haikuwa kweli. Baba yako ameniona nimeshika kalamu bila kuandika, ameniuliza kama bado nina ugomvi na safari hii. Nimemjibu, na kesho kule stendi, shangazi zako wakipiga kelele na mimi nimesimama kando kama dani yako na samaki wake, usidhani nimeishiwa.

Nenda, Boke. Sina neno.

Mama yako